Fisi Achora Mipaka

Zamani za juzijuzi, Fisi, mbunge wa nyika, alichora mipaka mipya ya majimbo kabla ya uchaguzi. Pimbi, mdadisi asiyepitwa na kitu, akaona mpaka unavyopinda kama utumbo.

“Mheshimiwa, mbona umewakatakata Nyumbu?”

“Ili kila jimbo wawe wachache,” Fisi akacheka. “Mimi nimejiwekea bonde lenye nyasi nzuri, na jamaa zangu watupu.”

“Na kura tunapigia wapi?”

“Pale mnyama alipoamkia siku hiyo. Sheria hiyo nimeitunga mwenyewe.”

Pimbi akatazama mawingu.

Mvua ikanyesha. Siku ya kura Fisi aliamshwa na vishindo: Nyumbu wote walikuwa wamefuata nyasi bondeni kwake, wamepanga foleni.

“Wageni hawa! Warudi kwao!”

“Wameamkia hapa, mheshimiwa,” Pimbi akamjibu. “Ila wewe umechelewa. Foleni inaishia kule mtoni.”