Chanzo Kimoja Tu

Sheria yetu inataka kila ugonjwa uwe na chanzo kimoja, na asiyekikubali hapewi dawa. Mashine ya zahanati ilipima mikono ya mama iliyokuwa ikitetemeka, ikatamka: "Parkinson. Chanzo ni damu ya ukoo."

Kama angekubali, mimi bintiye mwenye damu hiyo hiyo nisingeruhusiwa kuolewa na Elinami wangu.

"Kubali tu, Mama, upate dawa," nilimsihi.

"Nyamaza, Ndeshi. Nimepulizia mibuni sumu tangu usichana wangu. Umri nao umekwenda. Mengine hata madaktari hawayajui, sembuse hili sanduku! Nakataa."

Nyumbani nilimnywesha uji, maana kikombe kilimshinda.

"Waite wazazi wa Elinami waje Jumapili," alisema. "Pombe ya mbege ya kuwapokea nitaikoroga mwenyewe. Mikono hii siku hizi inakoroga bila kuambiwa."

Alicheka peke yake.