Kadi ya Mnara

Siku hizo, maelezo ya mashabiki yaliyopendwa kuliko yote mtandaoni ndiyo yaliyogeuka kuwa kweli ya katuni, na hata vipindi vya zamani vilijichora upya. Mwanaidi aliiona kadi ya Mnara, ile ya wapiga ramli inayoashiria maangamizi, imechorwa nyuma ya Malkia Sela wa katuni waliyoipenda, akaandika mtandaoni kwamba kabla ya hadithi kuanza malkia alimtupa mwanawe. Watu wakaipenda mno.

Jioni, mdogo wake Shani akafungua kipindi kilichombembeleza tangu mama yao afariki. Malkia hakumwimbia tena mwanawe. Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu.

"Dada, wimbo uko wapi?"

"Umefutika, mdogo wangu."

Shani akamgeukia. "Na Mama, alituimbia kweli?"

"Alituimbia," akasema Mwanaidi, akafungua kinywa amwimbie wimbo wa Mama. Wimbo pekee uliomjia ulikuwa ule wa malkia.