Sauti ya Pili

Kwaya ya mji ilikuwa imebaki na watu wawili: Perusi, mwimbaji wa sauti ya pili, na mzee Elikana wa besi. Wengine walihama, wengine walifariki. Siku alipozikwa Mwalimu Yohazi, aliyeianzisha kwaya na kuitungia nyimbo, mjane wake aliwaomba waimbe ule ambao marehemu aliupenda kuliko zote.

Wakasimama kando ya kaburi, wakaimba kama walivyofundishwa, bila kukosea. Lakini wimbo wenyewe, ule ambao watu walikuwa wakiuimba hata sokoni, ulikuwa kwenye sauti ya kwanza, na wa sauti ya kwanza hakuwapo hata mmoja. Waombolezaji wakatazamana.

Mjane akamshika Perusi mkono. "Dada, niliomba ule wake. Huu ni upi?"

"Ndio huu, Mama Tumsifu. Ndio wenyewe."

"Basi anzeni tena, niusikie."

Wakaanza tena. Perusi akajaribu kupanda sauti ya kwanza, koo likakataa, akarudi kwenye yake. Mjane alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande, akiungoja wimbo uingie.