Chungu Kimoja, Punje Nne

"Geuza mifuko," Judith alimwambia kaka yake. Sadock akacheka, akadhani utani.

"Sichekeshi mtu, kaka. Geuza."

Sadock akageuza. Zikadondoka funguo za lori na pipi ya kifua. Elius, mwenye duka lake Njombe mjini, akasimama mikono juu kama mwanafunzi anayesachiwa bwenini. Dada Fidelia akakung'uta kitenge chake kabla hajaambiwa.

Tangu miguu ya mama yao igome, kila Juni watoto hawa wanne hukutana nyumbani Mdandu kupiga kura: nani abaki kumtunza mwaka mzima, wengine warudi kwenye shughuli zao. Kila mtu na punje yake chunguni. Sadock hindi, Fidelia haragwe, Elius ngano, Judith njegere. Mama anazamisha mkono, anatoa moja. Hakuna rufaa.

Miaka mitatu mfululizo imetoka njegere.

Na safari hii Judith amepata kazi ya kufundisha hesabu Makambako. Jumatatu anaripoti.

"Tuko wanne," alisema, akichochea moto mpaka cheche zikaruka. "Kunitokea mara moja ni robo, sawa, bahati mbaya. Kunitokea mara tatu mfululizo ni moja kati ya sitini na nne. Kuna mtu humu ndani ananichezea."

"Lakini inawezekana," Elius akasema.

"Hata mvua ya Agosti inawezekana."

"Basi mwaka huu njegere yako haitoki, mdogo wangu," Fidelia akambembeleza. "Zamu zako umeshamaliza."

"Dada, punje haikumbuki ya mwaka jana. Robo ni ile ile."

"Haina hata macho," Sadock akanung'unika. "Unatutukana bure."

"Punje haina. Mwenye mkono anayo."

Miaka yote chungu alikishika Sadock. Judith akamnyang'anya. Akakikung'uta, akawaonyesha kilivyo kitupu, akatumbukiza punje nne moja moja, wote wakimtazama. Akakitikisa weee.

"Asisogee mtu."

Halafu, kwa mazoea tu, akapiga magoti na kumchomekea mama blanketi miguuni. "Maji ya kukukanda nitachemsha tukimaliza," akamwambia, sauti ikishuka. Mama alikuwa amejikunyata, mikono ndani ya blanketi. Baridi ya Juni kule haina mzaha.

Judith akamshikia chungu. Mkono ukatoka kwenye blanketi umekunjwa kwa baridi, ukazama, ukakawia kidogo, ukatoka. Mama akafungua kiganja.

Njegere.

Fidelia akaziba mdomo.

"Umezitia mwenyewe," Elius akasema polepole. "Umetikisa mwenyewe."

"Au unisachi tena?" Sadock akadakia. "Viatu bado hujaangalia."

Judith aliona Jumatatu imekwenda, Makambako imekwenda, na hakuna hata mmoja wa kumkaba koo. Akakikwapua kile chungu na kukibinua juu ya mkeka kwa hasira zake zote.

Likadondoka hindi. Likadondoka haragwe. Ikafuata ngano.

Halafu ikatoka njegere, ikabingirika taratibu, ikasimama miguuni kwa mama.