Shilingi Chini ya Jiwe

"Chimba, mura, au nikunyang'anye hilo jembe?"

Kornelio alikuwa na miaka sitini, lakini mbele ya mama yake, Ghati, alikuwa bado mura, kijana wa kutumwa. Alichimba kivivu pembeni mwa jiwe la mpaka, wajumbe wa baraza la ardhi wakimsubiri penye migomba.

Kesi yenyewe ilikuwa ya kaburi. Simoni, mume wa Ghati, alizikwa mwaka themanini na tatu ndani ya shamba lake hapa Nyanungu, na Ghati alibakiwa na ombi moja tu duniani: naye alazwe ubavuni mwake. Miaka yote hakuna aliyeligusa kaburi, wala aliyehangaika kutafuta jiwe kwenye vichaka. Mwezi uliopita jirani yao, Hezekia, alileta seng'enge, akaivuta hadi kwenye jiwe. Kaburi likabaki upande wake.

"Jiwe limehama!" Ghati alilalamika kila ofisi. "Lilikuwa ng'ambo ya kaburi!"

"Mama, mimi nakuheshimu," Hezekia alimjibu. "Ila jiwe nimelikuta hapo hapo. Walilipanda marehemu baba na marehemu mzee Simoni, mimi nikiwa bado nanyonya."

Hata Kornelio alimsihi mama yake aachane na kesi. Atamjengea kaburi la vigae karibu na nyumba, alisema. Ghati alimwona mpole kupita kiasi. Hata hivyo alikuwa mwanawe wa pekee, aliyerithi ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, pamoja na chapa yao, asipoteze hata ndama. Angemlaumu kwa lipi?

Tena, Ghati alikuwa na shahidi asiyehongeka. Mwaka sabini na nane, Simoni na baba yake Hezekia walipopanda jiwe, kila mmoja alichukua shilingi na kuikwangua kwa msumari chapa ya ng'ombe wake: Simoni msalaba, mwenzake duara. Wakazitia kwenye kichupa, wakakizika chini ya jiwe. Aliyekifunga kizibo ni Ghati mwenyewe.

Ndiyo maana alimleta Mwalimu Tumsifu, mgeni kutoka Kilimanjaro, anayefundisha historia na kukusanya sarafu kuukuu. Mwalimu aliwaeleza wajumbe taratibu. Shilingi ya zamani, ya kuanzia sitini na sita, upande mmoja ilikuwa na Nyerere, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Mwaka themanini na saba mwenge ulibaki, ila kichwa kikawa cha Mwinyi.

"Kwa hiyo tukikuta Nyerere, jiwe halijaguswa," mjumbe mmoja alisema.

"Mkikuta Nyerere, kesi nimeifuta," Ghati alijibu.

Kichupa kikatoka. Mwalimu alikitikisa, shilingi moja ikadondokea kiganjani. Mwenge. Akaigeuza.

"Mwinyi. Themanini na tisa. Na kuna duara."

Ghati alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. "Wahenga hawakukosea! Kikulacho ki nguoni mwako! Baba yako, Hezekia, tuliyekula naye sahani moja, alingoja mume wangu afe ndipo aibe!"

Aibu ilimjaa Hezekia usoni, akaenda mwenyewe kulegeza waya kwenye nguzo. Wajumbe walikuwa tayari wanapeana mikono. Ghati alilia kwa furaha, maana kaburi lake limerudi, na sasa hata kifo hakikumtisha.

"Subirini kwanza," Mwalimu alisema. "Ya pili imenasa."

Aliichokonoa kwa kijiti hadi ikatoka. Aliitazama upande huu na upande huu, kisha akaisoma kwa sauti ya chini. "Mwinyi. Themanini na tisa." Aliiweka mkononi mwa Ghati.

Ghati hakuwa na macho mazuri, kwa hiyo aliipapasa. Kidole chake kilikuta msalaba. Alikirudisha, kikaukuta tena. Mwaka themanini na tisa, Simoni alikuwa kaburini miaka sita.

"Kornelio," alisema, bila kumtazama, "baba yako ulimuuza kwa ng'ombe wangapi?"