Itoka Mlangoni

Mke wangu Wakiuru aling'oa mpaka wa ploti yetu akaupanda mlangoni.

Ni itoka, maua ambayo wazee hupanda mpakani na hakuna anayeyagusa. Wakiuru alilelewa mjini. Aliona maua mazuri tu, yamesahaulika kwenye nyasi.

Jumamosi jirani alifika na seng'enge yake. Akayatazama maua, akatabasamu.

"Kumbe hii baraza ni yangu."

"Wacha mchezo, bwana."

"Mchezo gani? Kwetu itoka ndiyo mpaka. Kwenu je?"

Wakiuru akatoka na ndoo, akayamwagilia. "Yameshika vizuri," akamwambia jirani.

Jirani akafunga seng'enge mbele ya mlango wangu.

Kuurudisha mpaka kulinigharimu mbuzi mmoja, kreti mbili za soda za wazee, na siku kumi na moja za kuingia nyumbani kwa dirisha la jikoni.