Shikamoo ya Mwajabu

Tangu umri uanze kuhesabiwa kwa uchakavu wa seli badala ya miaka, shikamoo hufuata kitambulisho. Siwema, binti wa miaka ishirini na miwili, alirudi kutoka kliniki, akaweka kitambulisho chake kipya kando ya ungo wa mchele wa mama yake. Jeni aliyorithi kwa bibi mzaa baba, yule aliyekufa kwa saratani ya titi, ilikuwa imeshazizeesha seli zake. Kitambulisho kilisema sitini na moja. Cha mama yake, Mwajabu, kilisema hamsini na tatu.

Mwajabu alikisoma, akausogeza ungo pembeni.

"Mama, acha. Tuko ndani."

"Nisipozoea ndani, nitaumbuka nje." Akainamisha kichwa. "Shikamoo, mwanangu."

Mama yake alibaki ameinama, akisubiri marahaba.